Agatha Christie kwa Mfuko Mdogo: Lipia Kitabu Kwanza, Filamu Ifuate

Ukitaka kumfurahia Agatha Christie kwa pesa kidogo, lipia kitabu kwanza, filamu ifuate. Hili ni suala la mfuko kabla halijawa suala la ladha. Riwaya ya upelelezi imebeba siri moja: nani muuaji. Aliyesoma kwanza, akija kutazama filamu bado ana mengi ya kufurahia: waigizaji, mavazi, treni iliyokwama kwenye theluji, meli inayopanda Mto Nile. Aliyetangulia kutazama, akija kununua kitabu anakuwa amelipa bei kamili kwa siri anayoijua tayari.

Usipange kununua vitabu vyake vyote. Mama huyu wa Kiingereza aliandika riwaya 66 za upelelezi na mikusanyo 14 ya hadithi fupi, kuanzia The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920 hadi alipofariki Januari 1976. Vingi ni vizuri, vingine ni vya kawaida, na vichache vya uzeeni, kama Postern of Fate cha 1973, havistahili hata nauli ya kuvifuata mjini. Mwenye bajeti ndogo anahitaji vitabu vitano au sita na filamu mbili tatu. Hapo atakuwa amempata Christie aliye bora.

Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Arusha, pa kuanzia kununua ni kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wale wanaovipanga kando ya barabara. Christie ni mmoja wa waandishi wanaopatikana kirahisi pale, kwa sababu vitabu vyake vilichapwa kwa wingi mno kwa jalada jepesi na bado vinaingia pamoja na shehena za mitumba. Bei haijaandikwa popote, hivyo piga simu dukani kwanza uulize kipya kinauzwaje. Kanuni yangu ni moja: kilichotumika kisizidi theluthi ya bei ya kipya. Muuzaji akikwama kwenye nusu, shukuru, endelea na safari. Kesho yupo mwingine.

Kabla hujatoa pesa, kagua kurasa za mwisho. Riwaya ya mapenzi iliyopotelewa na kurasa mbili bado inasomeka. Ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho inafaa kufungia karanga. Huna haja ya kusoma. Angalia namba za kurasa tu, kama zinafuatana mpaka mwisho. Kama unaogopa jicho lisije likaangukia jina la muuaji, mwombe muuzaji akuhesabie.

Kisha fungua kitabu katikati, polepole. Vitabu vya jalada jepesi vya miaka ya 1960 na 1970 viliunganishwa kwa gundi ambayo sasa imekauka. Mgongo ukilia, kurasa zitaanza kutoka moja moja kabla hujafika nusu. Kwa wakazi wa pwani kuna tatizo jingine: kitabu chenye madoa ya ukungu kitaambukiza vyote utakavyokiweka navyo rafu moja. Hicho kiache hata kama ni cha kupewa bure.

Angalia pia unene. Yapo matoleo mepesi ya Christie yaliyofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Ni kazi nzuri kwa mwanafunzi, lakini si kitabu kamili, na muuzaji wa barabarani mara nyingi hazijui tofauti hizo. Riwaya kamili mara nyingi huwa na kurasa 190 hivi na kuendelea. Ukikuta kijitabu chembamba chenye alama ya kiwango cha lugha kwenye jalada na msamiati umeelezwa nyuma, usikilipie bei ya kitabu kizima.

Mtego mkubwa kuliko yote, na unaowaumiza zaidi wapenzi wa kweli wa Christie, ni kitabu kimoja chenye majina mawili. Wachapishaji wa Marekani walikuwa na desturi ya kubadili majina ya vitabu vyake. Murder on the Orient Express kilitoka huko kikiitwa Murder in the Calais Coach. Lord Edgware Dies ni kilekile Thirteen at Dinner. Five Little Pigs ni Murder in Retrospect. After the Funeral ni Funerals Are Fatal. Dumb Witness ni Poirot Loses a Client. 4.50 from Paddington ni What Mrs. McGillicuddy Saw! Na shehena za mitumba huchanganya vya Uingereza na vya Marekani bila kujali, kwa hiyo unaweza kununua kitabu ulichokwisha kukisoma, ukafika nacho nyumbani, na kugundua kwenye ukurasa wa kumi. Dawa yake ni ndogo: fungua ukurasa wa haki za mchapishaji, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Mara nyingi jina la awali limetajwa pale kwa herufi ndogo.

Usidhani hayo ni mambo ya zamani. Filamu ya A Haunting in Venice ilipotoka 2023, riwaya ambayo filamu hiyo imetokana nayo, Hallowe'en Party ya 1969, ilichapwa upya ikiwa na jina la filamu kwenye jalada. Ndani ni maneno yaleyale. Tena aliyeinunua akitarajia Venice hataiona: riwaya inatukia katika kijiji cha Uingereza, na filamu imeibadili kwa kiasi kikubwa. Kwa jumla, jalada lenye picha za waigizaji lisikuongezee bei hata kwa shilingi moja. Ukiwa na nakala ya zamani yenye kurasa zote, unacho kitabu kizima.

Mikusanyo ya hadithi fupi nayo ina ujanja wake. Hadithi moja inaweza kukaa katika mikusanyo miwili mitatu, kwa sababu Waingereza na Wamarekani walizipanga kila mmoja kwa namna yake. Poirot Investigates ya Uingereza ina hadithi 11, ya Marekani ina 14. Linganisha orodha ya yaliyomo na ile uliyonayo nyumbani. Ipige picha kwa simu kabla ya kutoka.

Soma jina la mwandishi mpaka mwisho. Sophie Hannah anaandika riwaya mpya za Poirot, mpelelezi maarufu wa Christie, kwa idhini ya familia ya Christie, tangu The Monogram Murders ya 2014, na jina la Agatha Christie huwa kubwa juu ya jalada. Charles Osborne aliigeuza tamthilia ya Christie iitwayo Black Coffee kuwa riwaya. Vina wasomaji wake, ila si Christie mwenyewe aliyeviandika. Upande wa pili, jina Mary Westmacott ni Christie mwenyewe, lakini riwaya zake sita chini ya jina hilo hazina maiti wala mpelelezi. Ukinunua moja kwa ajili ya Poirot, umekosea mlango.

Kitabu kipya kina nafasi yake. Nunua kipya kama ni zawadi, au kama ni kile utakachokirudia na kuwaachia wanao. Karatasi ni nyeupe, herufi zinasomeka, na mgongo utahimili wasomaji kadhaa nyumbani. Lakini usiagize kipya kimoja kutoka nje. Gharama ya kusafirisha inaweza kukipita kitabu chenyewe, na bado kuna ushuru unaoweza kudaiwa na safari ya kwenda kuchukua kifurushi. Kama lazima uagize, unganeni watu watatu wanne, mgawane usafiri.

Kitabu cha kusoma kwenye simu kina faida kubwa kwa aliye mbali na miji: hakina nauli, na faili lake ni dogo mno, mara nyingi halifiki MB 1 kama halina picha. Ubaya wake ni kwamba, katika maduka makubwa ya mtandaoni, hukinunui kwa maana ya kawaida. Unapewa ruhusa ya kukisoma ndani ya akaunti yako. Huwezi kumwazima shemeji, huwezi kukirudisha kwa muuzaji wa barabarani ukaongeza kidogo upewe kingine, jambo ambalo wauzaji wengi wanalikubali kwa kitabu cha karatasi. Bei pia huwa kwa dola au pauni. Kabla ya kubonyeza, uliza benki au mtandao wako wa simu wanakata kiasi gani kubadili fedha. Makato hayo kwenye kitabu cha bei ndogo yanaonekana waziwazi.

Usilipe chochote kabla hujasoma sura ya bure. Maduka mengi hukuruhusu kusoma kurasa za mwanzo bila malipo. Kiingereza cha Christie ni chepesi, sentensi fupi, mazungumzo mengi. Aliyemaliza sekondari atamwelewa bila kamusi ya mara kwa mara. Kurasa hizo chache zitakuonyesha kama kitabu ni chako.

Sasa tuje kwenye skrini, ambako pesa hutoka bila kuonekana. Bei ya kujiunga na huduma ya filamu ni sehemu tu ya gharama. Nyingine ni bando. Kwa ubora wa kawaida, saa moja ya filamu hula takriban GB 1. Kwa ubora wa juu, takriban GB 3. Kwa hali ya kubana data kwenye simu, inaweza kushuka hadi karibu MB 300.

Tuseme GB 1 unaipata kwa shilingi 2,000 za Tanzania. Weka bei ya bando lako mahali pake. Filamu ya saa mbili kwa ubora wa juu itakula GB 6, yaani shilingi 12,000. Ileile kwa ubora wa kawaida ni 4,000. Kwa hali ya kubana data ni kama 1,200. Tofauti ya 10,800 hiyo imetokana na kitufe kimoja kwenye mipangilio, na huduma nyingi hukuwekea ubora wa juu zenyewe, hasa ukiunganisha televisheni. Badili kabla hujaanza. Kwenye skrini ya simu hutaona hasara yoyote ya maana.

Kwa hesabu hiyohiyo, fikiria mara mbili kuhusu mfululizo wa Poirot ulioigizwa na David Suchet kati ya 1989 na 2013. Ni kazi iliyofanywa kwa upendo na uangalifu mkubwa, nami naipenda kuliko filamu zote za sinema za Poirot. Lakini ina sehemu 70, zaidi ya saa 70 kwa jumla. Kwa ubora wa kawaida ni zaidi ya GB 70, na kwa bei yetu ya mfano ni zaidi ya shilingi 140,000 za bando peke yake. Itazame kwa kuchagua. Au pakua kwa Wi-Fi ya chuoni au kwa bando la usiku, ambalo mitandao mingi huliuza kwa bei ya chini, kisha utazame bila intaneti.

Ukijiunga na huduma ya mwezi, hakikisha kwanza filamu unayoitaka imo katika nchi yako. Haki za kazi za Christie zimetawanyika kwa makampuni mengi, na iliyopo leo inaweza kuondolewa mwezi ujao. Tafuta jina lake ndani ya programu kabla ya kutoa namba ya kadi. Majaribio ya bure hugeuka kuwa malipo yenyewe siku ya mwisho usipoyasitisha. Sitisha siku ileile uliyojiunga. Huduma nyingi hukuacha uendelee hadi muda ulioulipia uishe, lakini soma masharti, kwa kuwa baadhi hukata palepale.

Kukodi filamu moja kunafaa zaidi kwa anayetaka moja tu. Kwa kawaida unapewa siku 30 za kuanza, na ukishabonyeza, saa 48 za kumaliza. Watu hupoteza pesa hapa kwa umeme kukatika au bando kuisha katikati, saa zikaendelea kuhesabika. Anza jioni ambayo kesho yake huna kazi.

Seti za DVD hudumu, hazihitaji bando, na ndugu wa Uingereza anaweza kukuletea. Lakini DVD zina alama za kanda. Za Uingereza ni kanda ya 2, za Marekani ni ya 1, na Afrika Mashariki tumewekwa kanda ya 5. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itazikataa. Deki nyingi za bei nafuu husoma zote, ila jaribu diski moja ya huko kabla ndugu hajanunua seti nzima. Na kompyuta nyingi mpya za mkononi hazina tena sehemu ya kuingizia diski.

Vipo vibanda vya kujaziwa muvi kwenye flash. Bei yao haishindiki, lakini nakala hizo kwa kawaida hazina idhini, na kwa Christie kuna hasara ya ziada: ushahidi wake umo kwenye mazungumzo. Nakala yenye sauti hafifu, au iliyofunikwa na sauti ya mtafsiri, hukupokonya neno moja ambalo ndilo lingekuonyesha muuaji. Filamu ya ngumi inavumilia hilo. Hii haivumilii.

Zipi basi zinastahili pesa? Death on the Nile: soma riwaya ya 1937, kisha lipia filamu ya 1978 yenye Peter Ustinov. Ilipigwa Misri kwenyewe na ilipata Oscar ya mavazi. Ile ya 2022 ilipigwa kwa sehemu kubwa studio Uingereza, na inaonekana. Murder on the Orient Express: riwaya ya 1934, kisha filamu ya 1974, iliyompa Ingrid Bergman Oscar. Ya 2017 inapendeza macho, lakini ukiwa na pesa ya moja chagua ya 1974.

And Then There Were None ya 1939 ni kitabu bora cha kuanzia, hakina Poirot wala Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Christie, na hakimpi msomaji nafasi ya kupumua. Kwenye skrini kuwa mwangalifu: filamu ya 1945 ilichukua mwisho wa tamthilia ya jukwaani, si wa riwaya. Tamthilia ya televisheni ya 2015, sehemu tatu, ndiyo iliyobaki na mwisho wa kitabu. Hiyo ilipie.

The Murder of Roger Ackroyd ya 1926 inunue kama kitabu na uishie hapo. Nguvu yake yote imo katika namna inavyosimuliwa, na kamera haiwezi kuibeba.

Kwa Witness for the Prosecution geuza kanuni yangu: filamu ya Billy Wilder ya 1957 ni bora kuliko hadithi fupi iliyoizaa, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye filamu. Vivyo hivyo hadithi fupi nyingi za Poirot: sehemu za mwanzo za Suchet, za dakika 50 hivi, zimezitajirisha. Nyingine iliyo nje ya kanuni ni Ordeal by Innocence. Tamthilia ya 2018 ilibadili muuaji, hivyo kuitazama kwanza hakukuharibii riwaya.

Kwa Miss Marple tafuta za Joan Hickson, 1984 hadi 1992, zilizochukua riwaya zake zote 12. Mfululizo wa baadaye, 2004 hadi 2013, umemwingiza bibi huyo hata kwenye vitabu asivyomo, kama Towards Zero. Aliyenunua kitabu hicho kumfuata Marple atamtafuta bure.

Kabla ya yote hayo, pitia maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Nairobi kuna McMillan. Uliza ada ya uanachama, uliza kama kuna amana inayorudishwa, na faini ya kuchelewesha ni kiasi gani kwa siku. Ukisoma vitabu viwili kwa mwezi, hesabu itaegemea maktaba.

Na kuna tarehe ya kuweka kwenye kalenda. Vitabu vya Christie vya miaka ya 1920 tayari vimetoka kwenye hakimiliki Marekani, ndiyo maana Project Gutenberg inavitoa bure, ikiwemo The Man in the Brown Suit ya 1924, inayompeleka msomaji mpaka kusini mwa Afrika. LibriVox nayo inasoma baadhi kwa sauti bila malipo, kwa takriban MB 30 kila saa. Sheria za Kenya na za Tanzania hulinda kitabu kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa Christie miaka hiyo inakamilika mwisho wa 2026. Kwa hiyo anayeishi huku na anataka kupakua bila wasiwasi wa kisheria angoje Januari 2027. Uingereza wenyewe wana miaka 70, watangoja mpaka mwisho wa 2046. Kama unataka kusoma wiki hii, kibanda cha vitabu vilivyotumika ndicho chenye bei bora, na cha kuulizia kwanza ni And Then There Were None chenye kurasa zake zote.